Nyumba Ntobu na Macho ya Wapita Njia

Popote palipokuwa na kundi la wanawake wanaokaa pamoja, wakala pamoja na kuamua mambo yao bila ya mwanamume kuwakalia juu, palizuka pia hadithi juu yao. Na aghalabu hadithi hiyo haikutungwa na wenyewe. Sisi wa pwani na visiwani tunalijua jambo hili vyema. Vyama vya lelemama vilivyostawi Mombasa, Lamu na Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini vilikuwa na vyeo, michango, sare na mashindano yake. Vilimzika maskini, vikamwoza yatima, vikampa mjukuu wa mtumwa nafasi ya kukaa safu moja na binti wa mwungwana. Hata hivyo, wapita njia waliona ngoma tu, na mara nyingi waliona uhuni. Ilipofika mwaka 1955, TANU ilipokuwa ikitafuta wanachama mjini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alipita katika vikundi hivyo hivyo vya kina mama, na maelfu wakajiunga. Wanawake hao nao hawakukosa kuitwa wahuni kwa kuhudhuria mikutano. Udada uliowapa nguvu ndio ule ule uliowapa jina baya.

Wala si pwani peke yake. Katika vyuo vikuu vya Marekani, wanawake weusi wa Chuo cha Howard walianzisha mwaka 1908 chama cha udada cha Alpha Kappa Alpha, wakati ambapo binti mweusi mwenye elimu ya juu alikuwa nadra mno. Kilichokuwa kwao ngao, masomo na msaada, baadaye kilitazamwa na wengi, pamoja na vyama vingine vya namna hiyo, kuwa mambo ya sherehe, rangi za nguo na majivuno. Yaelekea dunia ina shida ya kuamini kwamba wanawake wanaweza kukusanyika kwa sababu ya kazi.

Insha hii haihusu lelemama wala vyuo vya Marekani. Inahusu udada mwingine, ulio mbali na bahari, uliotungiwa hadithi nyingi kuliko hizo zote: nyumba ntobu ya Wakuria wa mkoa wa Mara. Jina hilo hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa nyumba ya wanawake. Kwa ufupi, ni desturi ambayo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe, akamleta nyumbani mwanamke kijana, ili watoto watakaozaliwa na kijana huyo wawe watoto wa nyumba yake. Wageni wameiita ndoa ya mke kwa mke, na katika maneno hayo matatu wameingiza makosa yasiyopungua matatu.

Nchi na watu wake

Wakuria hukaa katika nyanda za juu zilizo mashariki ya Ziwa Viktoria, baina ya mto Mara upande wa kusini na nchi ya Wakisii upande wa kaskazini. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890 yaliichora mstari mnyoofu kutoka ziwani hadi karibu na pwani, na mstari huo ukapita katikati ya mashamba na malisho yao. Hivyo koo zile zile zikajikuta nusu Kenya na nusu Tanganyika. Upande wa Tanzania wamejaa wilaya ya Tarime, na wengine wapo wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya mto, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na jirani wengine. Nkende, kata iliyomo katika mji wa Tarime, ni mahali pazuri pa kuanzia kuutazama udada huu, kwa kuwa hapo mji na shamba hupakana: mahakama, kanisa, shule na kituo cha mabasi vipo karibu na boma la ng'ombe, na mama aliyemleta mkamwana kwa ng'ombe anaweza kuwa jirani wa karani anayeandikisha ndoa za serikali.

Wakuria ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Ng'ombe kwao si nyama wala maziwa tu. Ni neno la mwisho katika mapatano yote ya ukoo. Mzee mwenye wake wengi alijenga mji uliozunguka zizi, na kila mke akawa na nyumba yake. Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo tunalolizungumza. Nyumba ya mke haikuwa chumba cha kulala tu. Ilikuwa taasisi yenye mali: mashamba iliyogawiwa, ng'ombe iliyotengewa, na zaidi ya yote, ng'ombe walioingia kwa mahari ya mabinti waliozaliwa ndani yake. Ng'ombe hao hawakuwa wa baba kuwatumia apendavyo, akaoa mke mwingine. Walikuwa wa nyumba ile, na kazi yao ilijulikana: binti akiolewa, ng'ombe wake humwolea ndugu yake wa kiume wa tumbo moja. Wataalamu waliokaa na Wakuria, kama Malcolm Ruel katika miaka ya 1950 na Eva Tobisson ambaye kitabu chake juu ya familia za Wakuria wa Tanzania kilitoka mwaka 1986, wameeleza kwa kirefu jinsi kaka na dada walivyofungamanishwa kwa ng'ombe: ndoa ya huyu ilizaa ndoa ya yule.

Sasa na tuulize swali ambalo kila bibi wa Kikuria aliwahi kulikabili au kulihofia. Nyumba iliyozaa mabinti watupu, ng'ombe wao watamwolea nani? Nyumba ambayo haikuzaa kabisa, mashamba yake yatarithiwa na nani? Nyumba ambayo mwana wake wa pekee amekufa kabla ya kuoa, jina lake litatamkwa na nani? Kwa kawaida ya mfumo wa ukoo wa kiume, mali ingerudi kwa watoto wa wake wenza au kwa ndugu wa mume, na bibi mwenyewe angezeeka mlangoni kwa watu.

Nyumba ntobu ni jibu la swali hilo. Mama mwenye ng'ombe wa binti zake, au aliyewapata kwa jembe lake, huoza nyumba yake. Humtafuta msichana, hupeleka mahari kwa wazazi wake kama inavyopelekwa kwa harusi yoyote, na humleta nyumbani. Kijana huyo huchagua, au huchaguliwa, mwanamume wa kuzaa naye. Mwanamume huyo hana mahari aliyotoa, na kwa hiyo hana mtoto wa kudai. Watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na huhesabiwa katika ukoo wa marehemu mume wa yule bibi. Wavulana watarithi. Wasichana wataolewa, ng'ombe wataingia, na gurudumu litazunguka tena.

Mke, au mkamwana?

Kosa la kwanza la wageni limo katika neno mume. Wameandika kwamba bibi huyo ni mume wa kike. Kwa jamii nyingine za Afrika maelezo hayo yana ukweli. Regine Oboler, aliyetafiti kwa Wanandi wa Kenya na kuchapisha makala yake mwaka 1980, aliwakuta Wanandi wakishikilia kabisa kwamba mwanamke aliyeoa amekuwa mwanamume, ingawa yeye mwenyewe aliona kwamba katika mambo mengi ya kila siku bibi huyo hakubadilika sana. Wanandi walihitaji kusema hivyo kwa kuwa mwenye kugawa mali ya nyumba lazima awe mwanamume.

Wakuria walipita njia nyingine. Kwao kijana aliyeletwa huitwa omokamona, yaani mke wa mwana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani neno hilo ni ndugu wa damu wa mkamwana au mkazamwana wetu. Bibi si mume. Ni mama mkwe. Mume wa kijana ni mwana ambaye hakuzaliwa, au aliyezaliwa akafa, na ambaye nafasi yake katika nyumba ilibaki wazi ikimsubiri mwenyewe. Ng'ombe wameoa kwa niaba yake. Hugo Huber, padri na mtaalamu wa mila aliyeandika mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya ndoa za namna hii katika Afrika Mashariki, alizikuta pia kwa Wasimbiti, majirani wa Wakuria, zikiwa na mantiki inayokaribiana na hiyo.

Tofauti hii si ya maneno tu. Anayeambiwa kwamba wanawake wawili wameoana hutafuta kitandani maana ya jambo hilo. Anayeambiwa kwamba mama mkwe na mkamwana wanaishi pamoja hutafuta maana yake jikoni, shambani na zizini, na ndiko iliko. Uhusiano wa mama mkwe na mkamwana tunaujua sote, kwa utamu wake na kwa uchungu wake. Kuna heshima, kuna utumishi, kuna kufundishwa, kuna kusengenyana. Nyumba ntobu imeuchukua uhusiano huo mkongwe, ikamwondoa mwana aliyekuwa katikati, ikawaacha wanawake wawili watazamane.

Hadithi tatu za wapita njia

Hadithi ya kwanza ni kwamba huu ni mwungano wa mapenzi ya jinsia moja. Haikuanzia Mara. Mwaka 1937 Mmarekani Melville Herskovits aliandika juu ya ndoa za wanawake katika Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, na akadokeza kwamba huenda baadhi yake zilikuwa na mapenzi ya namna hiyo. Dokezo hilo lilitembea kuliko ushahidi wake. Eileen Krige, aliyewajua Walovedu wa Afrika Kusini kwa miaka mingi, alilipinga mwaka 1974. Hata hivyo katika mwaka 1978 mshairi Audre Lorde, aliyekuwa akiwatafutia wanawake wapendanao wa Marekani mizizi ya Kiafrika, aliutaja tena mfano wa Dahomey. Ifi Amadiume wa Nigeria, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya Waigbo wa Nnobi, aliwajibu kwa ukali wote waliochukua mila za bibi zake wakazivika haja za kwao.

Jambo la kutia fikra ni hili: waliotunga hadithi hii hawakuwa wote maadui. Wengine walitaka kuilaani desturi, wengine walitaka kuisifu. Wote walikubaliana kutowauliza wenye nyumba. Hapa kwetu hadithi hiyo ilipopokelewa ilikuwa ni kwa kulaani tu. Bibi wa Tarime aliyetumia ng'ombe wa binti yake kuinusuru nyumba amejikuta, mwishoni mwa maisha yake, akitajwa katika mijadala asiyoijua, kwa jina asilolijua, kwa kosa asilolitenda. Evans-Pritchard alikwisha kuwaeleza wasomaji wake mwaka 1951 kwamba kwa Wanuer wa Sudani mwanamke aliyeoa kwa kawaida alikuwa tasa, na alioa kwa ajili ya watoto na jina. Maelezo yalikuwapo, msikilizaji ndiye aliyekosekana.

Hadithi ya pili hutungwa karibu zaidi na nyumbani, na humwangukia kijana. Kwa kuwa mwanamume anayezaa naye halali hapo kila usiku, na pengine hubadilika, mkamwana wa nyumba ntobu huitwa malaya, na watoto wake huitwa wa nje. Makanisa yaliyoingia Mara yalilitia nguvu jina hilo. Wamennonaiti walifungua misheni yao Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946 kuendeleza kazi iliyoanzwa na Mapadri Weupe. Kwa mafundisho yao wote, ndoa ilikuwa ya mume mmoja na mke mmoja, na nyumba isiyo na mume haikuwa na mahali katika daftari la ndoa. Wakaleta shule, hospitali na mambo mengi mema. Lakini mtoto aliyekuwa halali kabisa mbele ya zizi la bibi yake akawa wa mashaka mbele ya daftari.

Ukiitazama hadithi hii kwa mizani ya Wakuria wenyewe, haisimami. Uhalali wa mtoto haukutokana na nani aliyelala na nani. Ulitokana na ng'ombe waliovuka ua. Mtoto wa nyumba ntobu alikuwa na baba wa ukoo, jina, shamba na mahali pa kuzikwa. Mtoto wa nje ni yule ambaye hakuna aliyemtolea kitu.

Hadithi ya tatu ni ya siku za karibuni, nayo ni tamu. Mwaka 2016 jarida la Marie Claire lilichapisha makala ndefu kutoka Tarime yaliyowaonyesha wasomaji wa ng'ambo wanawake wa nyumba ntobu wakiishi kwa amani, wakilima, wakilea na kujiamulia nani wa kuzaa naye, mbali na waume wapigao. Makala hayo yalikuwa na sifa ya kueleza wazi kwamba wanawake hao si wapenzi. Baada yake magazeti mengi yalifuata njia hiyo hiyo, na ikazuka taswira ya nyumba ntobu kuwa pepo ndogo ya wanawake, waliyoibuni ili kuwakimbia wanaume. Ni kweli kwamba wapo vijana wanaoipenda kwa sababu hiyo, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini desturi haikubuniwa kuukimbia ukoo wa kiume. Ilibuniwa kuujaza. Mtoto wa kiume ndiye aliyetafutwa. Nyumba yenye wanawake wawili ilisimama ili kizazi cha tatu kiwe na mwanamume wa kurithi. Anayeisifu kwa uhuru asisahau kwamba uhuru huo ulikuwa tunda la pembeni la mti uliopandwa kwa kusudi jingine.

Yaliyobadilika

Taasisi hii haikukaa kama jiwe. Historia yake katika karne ya ishirini na baada yake ni historia ya mambo yaliyowaongezea wanawake wa Mara haja ya kuwa na nyumba zao wenyewe. Vijana wa Kikuria waliandikwa kwa wingi katika jeshi la wakoloni na polisi. Wengine walikwenda migodini na mashambani, wakakaa miaka. Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa Mara mwaka 1974, ilivunja miji mingi iliyotawanyika na kuwapanga watu kwa safu, hata ule mji wa kale wenye zizi katikati ukawa kumbukumbu kwa wengi. Kisha ikaja vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979. Mmarekani Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wizi wa ng'ombe kwa Wakuria, ameonyesha jinsi uvamizi wa zamani wa mikuki na mishale ulivyogeuka kuwa biashara ya bunduki, na jinsi ng'ombe walivyovushwa mpaka kwenda kuuzwa. Uvamizi wa namna hiyo huzaa wajane. Na ulipofunguliwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo mwaka 2002, fedha taslimu na watu wa kila namna viliingia katika vijiji ambavyo kwa karne nzima vilihesabu mali kwa kwato.

Sheria nayo haikumsaidia mjane. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa ajili ya jamii za ukoo wa kiume Tanzania Bara, katika Tangazo la Serikali namba 436, zinasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Na asome tena mwenye shaka: fungu la mjane ni watoto wake. Mjane asiye na watoto fungu lake ni nini? Wajane wawili kutoka Shinyanga walizipinga kanuni hizi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu iliona kwamba ni za kibaguzi, lakini haikuzibatilisha; mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Kesi hiyo haikuhusu Wakuria. Hata hivyo inatufundisha juu ya Tarime kuliko makala mengi ya safari: pale sheria inapomwambia mwanamke kwamba dai lake pekee juu ya ardhi ni watoto, mwanamke mwenye akili atatafuta watoto.

Wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, iliieleza ndoa kuwa mwungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa maneno hayo nyumba ntobu ikawa nje ya ulinzi wa ndoa. Bibi akifa, mkamwana wake anaweza kutolewa nyumbani na ndugu wa mume wa bibi. Mkamwana akitoroka na watoto, bibi ataeleza nini mahakamani? Kenya ilichukua njia tofauti. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa, katika shauri la urithi la Monica Jesang Katam, iliitambua ndoa ya kimila ya Kinandi kati ya wanawake wawili na kumkubali mwenye ndoa hiyo kuwa mrithi. Ni ajabu ya kupendeza kwamba haki hiyo ya watu wa nyanda za juu ilisemwa katika mji wa lelemama.

Upande wa kijana

Hadi hapa tumemtetea bibi. Haki inatutaka tumgeukie kijana, kwa kuwa hapo ndipo sifa zote za nyumba ntobu hupungua uzito.

Ng'ombe waliotolewa na bibi hawakupelekwa kwa msichana. Walipelekwa kwa wazazi wake. Familia maskini yenye haja ya mahari ilikuwa na sababu ya kukubali mapema, na msichana mwenyewe mara nyingi alikuwa mdogo. Sheria ya mwaka 1971 ilimruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi; Mahakama Kuu ilitangaza mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Lakini binti anayeingia nyumba ntobu haingii katika ndoa inayotambuliwa na sheria hiyo, na kwa hiyo hata kinga hiyo humfikia kwa kuzunguka. Aliyeletwa akiwa mtoto, akapangiwa mwanamume na mama mkwe wake, hakuwa katika udada wowote. Alikuwa katika utumishi. Kuwa mwenye kuamuru ni mwanamke hakuifanyi amri kuwa nyepesi.

Lipo pia suala la mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, imempa kila mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa na jamaa zake. Nyumba ntobu, kwa upande wake, imejengwa juu ya kumfanya mzazi wa kiume asiwe na neno. Kwa mila, hiyo ilikuwa rehema: mtoto hakuweza kunyang'anywa na mwanamume asiyetoa kitu. Kwa sheria mpya, huo ni upungufu: mtoto amekoseshwa nusu ya nasaba yake. Pande zote mbili zinasema kwa ajili ya mtoto, na pande zote mbili zina hoja. Sioni kwamba upo utatuzi mwepesi wa mgongano huo, na anayeutaja kwa wepesi hajakaa upande wowote kwa muda wa kutosha.

Udada wa kweli ulikuwa wapi?

Jan Bender Shetler, mwanahistoria ambaye ameufanyia kazi mkoa wa Mara kwa miongo kadhaa, alitoa mwaka 2019 kitabu juu ya kumbukumbu za wanawake wa huko. Aliona kwamba wanaume walipoulizwa historia walisimulia koo, mipaka na asili za makabila. Wanawake walisimulia watu: nani aliolewa wapi, nani alimpokea nani wakati wa njaa, nani ni rafiki wa mama ya nani ng'ambo ya mto. Wanawake, kwa kuwa waliolewa nje ya kwao, walikuwa nyuzi zilizoshona vijiji vilivyopigana. Historia yao haikuonekana kuwa historia kwa sababu haikuwa na mashujaa. Ilikuwa na majina ya watu wa kuombwa nafaka.

Nadhani nyumba ntobu ieleweke katika kundi hilo. Haikuwa ndoa ya wapenzi, wala danguro, wala pepo. Ilikuwa fundo moja katika wavu mkubwa wa wanawake waliozoea kuhesabu nani atamlisha nani kesho. Fundo hilo lilifungwa vizuri pale bibi alipokuwa mwema na kijana alipokuja kwa hiari. Lilikata mkono pale lilipofungwa kwa nguvu. Na wavu ule umeendelea kufumwa kwa nyuzi mpya. Huko Masanga, Tarime, na huko Mugumu, Serengeti, zimefunguliwa nyumba za kuwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa; Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Mara, amejulikana kwa kazi yake Mugumu tangu nyumba salama ilipofunguliwa huko mwaka 2014. Msimu wa ukeketaji ukifika, mabinti kutoka koo mbalimbali hulala humo chini ya dari moja. Nazo zimetungiwa hadithi: kwamba zinawaharibu watoto, kwamba zinavunja mila, kwamba binti aliyetoka humo hataolewa. Maneno ni yale yale waliyotupiwa wanawake wa Bomba na wa lelemama.

Ipo tofauti moja kubwa, nayo ndiyo ya kushikwa. Katika nyumba ntobu ya kale, mlango ulifunguliwa na ng'ombe, na waliokuwa na ng'ombe ndio waliochagua. Katika nyumba hizi mpya, binti hufika kwa miguu yake mwenyewe, pengine usiku, pengine kwa maili nyingi. Bibi wa zamani alimtafuta mkamwana ili nyumba isife. Binti wa sasa anaitafuta nyumba ili yeye asife. Kati ya hawa wawili hakuna uadui. Wote wanalijibu swali moja waliloachiwa na wanaume waliogawa ardhi, na waliogawa sheria baada ya ardhi. Siku mjane wa Nkende atakapoweza kuridhi shamba kwa haki yake, akiwa na mtoto au bila mtoto, na siku binti wa Serengeti atakapoweza kukataa bila kukimbia, ndipo tutakapojua ni wanawake wangapi walioipenda nyumba ntobu kwa nafsi yake, na ni wangapi waliingia humo kwa kukosa mlango mwingine.